Ndege Asiyekula

Jioni ile nilifunika cherehani yangu mapema, nikatoka sokoni, nikaenda nyumbani kuchukua blauzi ya mke wangu. Haikuwa na kasoro ya kurekebisha. Nilikuwa nakwenda kuivaa mimi.

Mke wangu aliitwa Julienne. Alikuwa anakata mafunjo kwenye kinamasi cha Lukuga, pale mto unapotoka ziwani, akisuka mikeka ya kuuza. Siku moja alikwenda asubuhi na mundu wake. Jioni mtumbwi ulionekana umekwama kwenye matete. Mundu ulikuwa ndani. Fungu la mafunjo lilikuwa ndani, limefungwa vizuri, fundo lake lile lile.

Yeye hakuwamo.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati mbele ya watu tulikuwa tunaitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia, na nyumbani tunaitana kwa majina ya ubatizo. Mimi ni Barnabé, fundi wa kushona. Nilizaliwa Mpala, nikasoma kwa mapadri kidogo, nikaja Kalemie kutafuta kazi. Sikupata mtoto na Julienne. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mama yangu Pascasie.

Na shida yote ilikuwa kwa mama.

Siku moja kabla ya Julienne kupotea, mama alimkuta bombani akinoa mundu, akamwambia asikate mafunjo karibu na kiota cha fundi-chuma. Yule ni ndege wa rangi ya udongo, kichwa chake kimechongoka nyuma kama nyundo. Anajenga kiota kikubwa kama kibanda, na kwetu hakuna anayemrushia jiwe. Julienne alicheka. Akasema mafunjo mazuri yako pale pale. Mama akajibu neno moja tu.

“Utaona.”

Wanawake waliokuwa bombani walilisikia. Julienne alipopotea, neno hilo lilikwenda nyumba kwa nyumba mpaka likamfikia Eugène, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuja uani kwetu, akakataa kiti.

“Fundi, mimi sina ugomvi na wewe,” alisema. “Lakini matanga bila maiti hayaishi. Maiti haionekani kwa sababu kuna muntu ameificha. Nimemwita mganga wa Nyunzu. Anakuja na treni.”

Alisema hivyo huku anamwangalia mama yangu.

Nilijua mganga wa namna hiyo akifika hatafuti ndani ya maji. Anatafuta katika nyumba. Kijiji kimoja kwenye njia ya reli, bibi kizee alitajwa na mganga, wakamchomea nyumba akiwa ndani. Mama alijua pia. Usiku ule alifunga nguo zake katika kitambaa, akaketi juu ya kitanda chake, akingoja.

Lazima Julienne aonekane kabla ya treni.

Aliyenisaidia ni Henriette, mdogo wa mke wangu. Ukoo wao ni wavuvi, Waholoholo wa pale pale mtoni, na wana desturi yao wanayoiita kukalia ndege. Muntu akipotea majini, mmoja wa nyumba yake anavaa nguo ya aliyepotea, anaketi kwenye kinamasi jua likishuka, anaangalia ndege. Saa ile ndege wote wanakula mara ya mwisho kabla ya kulala. Yule anayesimama bila kula, miguuni pake ndipo maiti ilipo.

Mimi ni mkristu. Nilijiuliza kama ni dhambi. Kisha nikamwona mama na kifurushi chake, nikaacha kujiuliza.

Henriette alikuwa ananingoja na mtumbwi. Nikavaa blauzi juu ya shati langu.

“Inanibana,” nilisema.

“Si ulishona wewe mwenyewe? Shemeji, ulimpima dada kwa macho ya mapenzi, sasa teseka.” Alitaka kucheka, ikashindikana. Akashika upondo. “Sikiliza. Tukiingia, hakuna neno mpaka tutoke. Ninakujua wewe. Ukichomwa na sindano unasema litania nzima. Leo funga kinywa.”

“Nitasali moyoni.”

“Moyoni, sawa. Ulimi, hapana.”

“Na muntu akisema?”

Alisukuma mtumbwi kwanza. Kisha akanijibu polepole.

“Basi anayesikia hatakuwa ndege peke yake.”

Aliniacha juu ya mafunjo makavu yaliyolala, yakafanya kama kitanda juu ya maji. Yeye akarudi nyuma na mtumbwi, akajificha penye mfereji. Sikumwona tena.

Nikaketi. Kulikuwa na harufu ya matope, na ya majani yaliyooza. Mbu waliniingia masikioni, sikuwafukuza.

Ndege wakaanza kurudi.

Yangeyange walikuja kutoka ziwani kwa mistari, weupe, wakishuka kwenye matete mmoja mmoja. Mnandi weusi walisimama wamefungua mabawa kama nguo zilizoanikwa. Ndege mvuvi mdogo mwenye madoa alitulia hewani, akaanguka majini kama jiwe, akatoka na samaki. Korongo alichoma maji kwa mdomo wake. Kila mmoja alikuwa anakula. Niliwaangalia wote, mmoja baada ya mwingine, kama unavyotafuta uso wa ndugu yako kati ya watu wanaotoka Misa.

Kisha nikamwona.

Fundi-chuma alisimama upande wa kushoto, juu ya funjo lililovunjika. Chura aliruka mbele ya miguu yake. Hakuinama. Samaki wadogo walipita chini yake, wengi, maji yakatikisika. Hakuinama. Aliangalia chini tu, bila kusogea.

Nilisema moyoni: asante, Bwana. Kilichobaki ni kuinua mkono, Henriette aje na upondo.

Ndipo kengele ya parokia ikalia.

Sauti ilipita juu ya maji, ikafika laini. Mkono wangu ulikwenda kwenye paji la uso kabla sijauamuru. Tangu utoto wangu Mpala, kengele ile ikilia, jembe linasimama, mtumbwi unasimama, kila muntu anasali Malaika wa Bwana. Mmoja anaanza, wengine wanajibu. Nyumbani mimi ndiye ninayeanza. Sijawahi kuiacha, hata nikiwa na homa.

“Malaika wa Bwana alimpasha Maria habari,” nilisema.

Nikashika mdomo wangu. Neno lilikwisha kutoka.

Kimya.

Kisha, upande wa kulia, ndani ya mafunjo...

“Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu.”

Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Si sauti inayofanana. Ilikuwa yake, na ule mkwaruzo wake kidogo kooni, na ile tabia yake ya kujibu mapema, kabla hujamaliza pumzi.

Wengine watauliza kwa nini sikunyamaza. Sisi tulifundishwa kwamba sala ile haikatwi katikati. Ukiikata, umemwacha Malaika mlangoni. Hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu siku ya mtumbwi, na nilitaka kuisikia tena.

Nikasema Salamu Maria, nusu yangu.

“Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu,” ikajibu, “utuombee sisi wakosefu, sasa...”

Ikaishia hapo.

Nilingoja. Hakuna kitu. Vyura wa upande wa kulia walikuwa wamenyamaza. Wale wa kushoto waliendelea kulia.

“Mimi ni mtumishi wa Bwana,” nilisema.

“Nitendewe ulivyonena.”

Sasa ilikuwa karibu zaidi. Kundi la yangeyange lilikuja kutua upande ule, likafika juu ya mafunjo, likageuka hewani ghafula, lote pamoja, kama moshi uliogonga ukuta. Hakuna ndege aliyetua pale. Hata mmoja.

Nilisema Salamu Maria ya pili.

“...utuombee sisi wakosefu, sasa...”

Ikaishia pale pale. Nikasikia harufu ya mafuta ya mawese ambayo Julienne alikuwa anajipaka mikononi, mundu usimkate ngozi. Mafunjo yakafunguka kidogo. Yakafunga.

“Neno wa Mungu akatwaa mwili,” nilisema.

“Akakaa kwetu.”

Nilisema Salamu ya tatu, na nusu yangu ilipokwisha ndipo nilipohisi baridi kifuani. Nikaangalia chini. Nilikuwa majini. Sikukumbuka kusimama, sikukumbuka kutembea. Kitanda cha mafunjo kilikuwa mbali nyuma yangu, na mbele kulikuwa na ukuta mweusi wa mafunjo, mkono wangu ungeweza kuugusa.

“...utuombee sisi wakosefu, sasa...”

Pumzi. Muntu anavuta pumzi, nyuma ya majani.

Kisha ikanong'ona kwa upole, kama usiku chumbani:

“Fundi... maliza wewe.”

Maneno yaliyobaki kila mkristu anayajua. Na saa ya kufa kwetu. Yalikuwa tayari juu ya ulimi wangu. Nilifungua kinywa.

Paa!

Henriette alipiga ubavu wa mtumbwi kwa upondo. Ndege wote wa kinamasi waliruka mara moja, hewa ikawa mabawa matupu. Nikahisi blauzi inavutwa kwa nyuma, kola inanikaba. Mshono ulishika. Aliniburuta mpaka kifua changu kikawa juu ya mtumbwi.

“Usigeuke,” alinong'ona. “Ndege wako yuko wapi?”

Nikaonyesha kwa kidevu. Ndege wote walikuwa wameruka, isipokuwa yule mmoja. Alikuwa bado amesimama juu ya funjo lake, anaangalia chini. Henriette akasukuma mtumbwi mpaka pale, akasimika upondo matopeni. Tukarudi kwa kupiga maji kwa mikono. Hatukusema neno mpaka nchi kavu.

Asubuhi Eugène alikuja na wanaume. Waliingiza ndoana pale penye upondo, na haikuchukua muda. Maiti ilikuwa chini ya mizizi ya mafunjo, kifudifudi. Tukamlaza kwenye majani. Maji na samaki walikuwa wamefanya kazi yao. Uso haukuwapo tena. Kulikuwa na kitenge cha kijani, kile cha sherehe ya chama tawala, na blauzi ya kitambaa hicho hicho.

Eugène alipiga magoti. “Dada yangu,” alisema, akalia kama mtoto. Baadaye akafuta uso. “Fundi. Wewe njo muntu wake. Njo yeye, ndiye?”

Niliinama, nikageuza upindo wa blauzi.

Kitenge kile wanawake wa mji mzima walipewa, hakikunisaidia. Lakini nguo zote za Julienne nilizishona mimi, kwa cherehani, mshono mara mbili, kwa uzi wa rangi ya nguo. Upindo ule ulishonwa kwa mkono. Hatua ndefu za sindano, za kupinda. Uzi mweusi.

Niliangalia vidole vyangu juu ya ule uzi. Nikafikiri juu ya mama, ameketi kitandani na kifurushi magotini, anasikiliza treni.

“Njo yeye,” nilisema.

Tulimzika siku ile ile. Padri alikuja. Mganga wa Nyunzu alishuka kwenye treni jioni, Eugène akampa chakula na kitanda, akamrudisha kwao. Yeye mwenyewe akaja kumwomba mama msamaha, na safari hii alikubali kiti. Mama akafungua kifurushi chake, akatundika nguo zake msumarini.

Baadaye niliuliza polepole, sokoni, kwa wavuvi, kwa watu wa Moba wanaoteremka na mitumbwi: kuna mwanamke aliyepotea? Hakuna aliyepoteza mwanamke.

Siku ya kumaliza matanga, wanawake walikaa kugawana nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Nilimpa Henriette kwanza, kwa kuwa yeye ni ndugu wa damu. Akaingia chumbani kuchagua. Alikawia. Nikamfuata. Nilimkuta amekunja kila nguo, amezirudisha sandukuni, ameketi juu ya kifuniko.

“Hakuna inayokufaa?” niliuliza.

“Nguo za muntu aliye hai hazigawiwi, shemeji.”

Nikafunga mlango.

“Ulisikia pale majini?”

“Nilikuwa karibu. Na upindo wa ile blauzi niliuona wakati wa kumwosha. Mimi pia nina macho.”

“Basi tulimzika nani, Henriette?”

“Muntu wa watu. Alihitaji kaburi, amepata. Mama yako alihitaji maiti, amepata.”

“Na Julienne?”

Alikunja kitambaa alichoshika mkononi, akakikunjua tena.

“Alikuomba umalize. Mimi ninafikiri, kama ungemaliza, mmoja wenu angetoka majini. Sijui ni nani.” Akasimama. “Au labda hakuna.”

Wanawake walishangaa kukosa nguo. Walisema fundi anampenda mke wake sana. Sanduku lipo chini ya kitanda changu mpaka leo.

Mama yangu yuko hai, namshukuru Mungu. Kila jioni kengele ikilia ninafunga dirisha la upande wa mto, ninaanza sala kwa sauti ya chini, naye anajibu. Amekwisha kuniuliza kwa nini tunasali kama wezi. Ninamwambia watoto wa jirani wanalala.

Mama anajibu mpaka mwisho, mpaka Amina. Yule mwingine anaishia pale pale, kwenye “sasa”, kisha anangoja.

Mama amezeeka. Masikio yake hayasikii tena kilicho nje.

Mimi ninasikia.