Warda Amkanda Kashata

Kila akitoka shule, Warda alipitia mikoroshoni kumpelekea Kashata ukoko wa ugali. Kashata alikuwa mbwa wao wa kulinda shamba pale Kitomanga, hodari wa kufukuza ngedere. Lakini wiki ile alilala tu, na akiinuka alichechemea.

Afisa mifugo, Dada Yustina, alimpapasa miguu. "Hana jeraha. Amechoka kwa mbio. Mkande miguu kila jioni, atapona," alisema, akawasha pikipiki.

Kukanda Warda alikujua. Mwezi uliopita tu dada yake, Siti, alipojifungua, bibi alimkanda kwa taulo na maji ya moto. Siti alilia, "Bibi, utaniua," na bibi akajibu, "Vumilia, ndiyo dawa."

Basi jioni Warda alichemsha maji, akachovya kitambaa, akakibandika kwenye mguu wa Kashata. Mbwa aliruka, akamtolea meno.

"Vumilia, ndiyo dawa," Warda alimbembeleza, akarudia. Safari hii Kashata alikidaka kitambaa kwa meno.

Baba yake, mzee Abdulwahab, aliona yote kutoka uani. "Mbwa anayemgeukia mtoto hakai kwangu. Kesho kibarua wetu Iddi atampeleka kijiji cha Nyangamara, abaki huko."

Warda amefuata maelekezo, sasa kosa ni la nani? La mbwa? La Dada Yustina? Alilala na maswali hayo, akaamka nayo.

Aliporudi kutoka shule siku ya pili, Kashata alikuwa tayari amefungwa kamba. Warda akatimua mbio hadi sokoni, alikokuwa Yustina akichanja kuku.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Nilimkanda kama ulivyosema. Akataka kuniuma."

"Ulimkandaje?"

Warda akaeleza yote, hata maji yalivyokuwa yakifuka moshi. Yustina alicheka hadi kuku akamponyoka, kisha akafunga kisanduku cha chanjo. "Umemkanda kama mzazi, mdogo wangu?"

"Kwani kuna kukanda kwingine?"

"Twende."

Nyumbani, Yustina alimweleza baba habari ya maji ya moto, kisha akakagua miguu ya Kashata. Kwa bahati, haikuwa imeungua. Akakaa chini na kumwelekeza Warda: mikono mikavu, kidole gumba katikati ya vidole vya mbwa, kubonyeza polepole na kuzungusha. Kashata aliuvuta mguu mara mbili. Mara ya tatu aliuacha. Baadaye akajilaza ubavu, macho yakaanza kujifumba.

"Kumbe alikuwa anakimbia maji," baba alisema, akainama kufungua kamba.

"Nilidhani nimeelewa, baba," Warda alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana sikuuliza."

"Hata mimi sikukuuliza ulikuwa unamfanya nini. Niliona meno tu."

"Na mimi nilitaja neno moja nikaondoka," Yustina aliongeza. "Sikiliza, Warda. Ukipewa kazi, hata kama neno unalijua, uliza inafanywaje. Hakuna atakayekucheka."

"Wewe umenicheka sokoni."

"Nimekucheka, kweli. Lakini mbwa wako amebaki."

Baba akatabasamu. "Haya, maliza na mguu huo mwingine, kisha ukanawe vizuri. Magharibi imekaribia."