Kuondoa Matanga Ng'ambo ya Ziwa

Saa tatu asubuhi ukungu ulishuka mlimani ukameza njia yote. Célestine akabaki amesimama na begi la shule la binti yake mgongoni, haoni hata viatu vyake. Nyuma yake ulikuwepo mji wa watalii, kando ya ziwa. Mbele yake, chini kabisa upande wa pili wa mlima, ziwa hilohilo lilikuwa na ufuko usio na mtu, na ufuko huo ndio aliokuwa akiutafuta. Sasa hakujua tena mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Mtu mwenye akili zake angeketi angoje. Yeye akaendelea. Hatua chache tu, jiwe likamgeuka chini ya mguu, akabingirika kwenye nyasi kavu mpaka korongoni. Alipojipapasa goti, mkono ulirudi na damu. Kifundo cha mguu wa kushoto kilianza kuvimba palepale ndani ya kiatu.

"Yesu wangu," alisema. "Huku siko kwetu."

Kweli hakuwa kwao. Kwao ni Bukavu, na huko ndiko mama yake, Faida Nabintu, alikofariki mwezi wa tano, mwaka huo wa 2017. Célestine alimzika kwa simu. Alikaa kwenye kiti cha wateja katika saluni yake ya Joubert Park, Johannesburg, mkononi chanuo, picha inaganda na kuganduka, na ilipoganduka mara ya mwisho kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kwenda hakuweza. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda, na akivuka mpaka asingerudi kwa Shekinah, mtoto wa miaka kumi.

Siku arobaini zilipotimia, dada zake walishuka Ziwa Kivu wakaoga, wakavua nyeusi, wakavaa wote kitenge cha aina moja, kijani chenye ndege wa njano. Kipande chake walimpa mfanyabiashara anayekuja kwa basi amletee. Wakamwambia kwenye simu: "Utafute ziwa, dada. Usioge bafuni. Bafuni msiba hautoki."

Johannesburg ina kila kitu, lakini ziwa lenye milima haina. Ina vidimbwi vya bustanini na bata wake. Mteja mmoja ndiye aliyemwambia juu ya mji huu, safari ya saa nne kwa teksi. Mwezi wa nane Célestine akamwacha Shekinah kwa jirani, akaazima begi lake la rangi ya waridi, akatia kitenge ndani, akaja peke yake. Akakuta gatini pamejaa mashua, watoto wanapiga kelele, nyama inachomwa. Haya, utamlilia wapi mama yako katikati ya watu wanaopiga picha?

Kwenye nyumba ya wageni alikuwepo mama mmoja Mtanzania, mfua mashuka, jina lake Gaudensi. Alitoka Morogoro mwaka tisini na mbili akimfuata mumewe, mpigania uhuru aliyerudi kwao. Siku ya kwanza aliliangalia gauni jeusi la mgeni asiulize kitu. Siku ya pili aliuliza yote.

"Nenda kaoge huko ng'ambo, mdogo wangu," alisema. "Mimi nakupikia kuku. Anayetoka matangani hali peke yake. Saa saba uwe mezani, umenisikia?"

Aliyemharibia Célestine safari hakuwa mwingine ila yeye mwenyewe. Kwenye geti la mlima palikuwa na daftari. Kila anayepanda huandika jina, namba ya kitambulisho, njia anayoshika na saa ya kurudi, na akirudi huandika tena. Célestine aliiona sare ya Thabo, askari wa hifadhi, akaiona na nafasi ya namba. Miaka kumi na moja ya Johannesburg ilimfundisha kuwa jina likiandikwa mbele ya sare, sare hiyo itakuja kukugongea mlango. Akangoja Thabo aingie ndani kumimina chai, akapita ameinama.

Ndiyo maana sasa, akiwa amelala korongoni, hapakuwa na mtu hata mmoja pale getini aliyejua kwamba yuko mlimani.

Alivua kitambaa cheusi cha kichwani akalifunga goti. Kitenge hakukigusa. Alikunywa funda mbili za maji, akabakiza nusu chupa. Simu haikushika mtandao. Saa zikapita, baridi inampenya mifupani, na kila alipojaribu kusimama kifundo kilimrudisha chini.

Karibu na saa sita upepo ulianza kuvuma, ukungu ukachanika. Alitazama huku na huku. Milima ya nyasi za manjano, mmoja nyuma ya mwingine, wala nyumba wala shamba la mihogo. Kwao hakuna kilima kisicho na mtu. Ukipiga kelele, watu kumi watatoka kukuuliza unalia nini. Alipiga kelele hapa na hakuna aliyetoka.

Ndipo alipouona moshi nyuma ya mgongo wa mlima.

"Watu!" alisema, na machozi yakamtoka kwa furaha. Akaokota fimbo, akaufuata.

Ah, Célestine! Huko kwenu moshi wa mchana ni chungu kiko jikoni. Huku, mwezi wa nane, ni nyasi zinaungua. Alijikokota karibu nusu saa akiufuata, na alipofika juu ya mgongo ule hakukuta jiko. Alikuta mstari wa moto mrefu kama barabara, unapanda kumfuata, upepo ukiusukuma, nyasi zinalia pa-pa-pa. Swala mdogo alipita mbio karibu amkumbe, wala hakumtazama.

Akageuka. Chini upande wa pili, kumbe, lilikuwepo ziwa.

Alishuka kwa miguu, kwa makalio, kwa mikono. Fimbo ilivunjika. Moshi ulimtangulia, akawa anakohoa haoni. Nywele za kisogoni zilianza kunuka. Alipoyasikia maji miguuni hakusimama, alikwenda mpaka yakamfika kifuani, akafungua begi, akatoa kitenge, akakilowesha na kujifunika nacho kichwa kizima. Cheche zilidondoka juu ya kitambaa. Alizisikia zikizimika moja moja, fss, fss, na alijua kila moja imeacha tundu.

Moto ulifika ukingoni, ukakosa cha kula, ukageukia kwingine.

Célestine alikuwa angali majini. Alitazama gauni jeusi alilovaa likielea kumzunguka, na hapo ndipo alipoelewa yuko wapi na anafanya nini.

"Mama," alisema, "niko naoga. Siko na watu wa kuniimbia." Alijaribu kuimba mwenyewe, meno yakagongana, sauti ikakataa. Akalia kwa kite, kilio kile ambacho saluni haikukipa nafasi tangu mwezi wa tano.

Alipotoka alijikunja kwenye matete, hana nguo kavu hata moja. Jua lilikuwa limeinama aliposikia injini. Mashua. Wanaume wawili wenye sare, wanaita kwa Kiingereza, wanaita kwa Kizulu. Miongoni mwao alimtambua Thabo.

Akalala chini kwenye tope, akaziba mdomo.

Ndiyo, alijificha. Midomo imegeuka majivu kwa baridi, mguu kama mtungi, na bado alikiogopa kile kipande cha karatasi kuliko kifo. Alimwaza Shekinah, akaona bora anyamaze wasimfukuze nchini. Kisha akamwaza Shekinah tena, akiambiwa na jirani kwamba mama hatarudi. Mashua ilianza kupita.

"We dada wa Bukavu!" Sauti ya mwanamke, kali kama ya anayeita watoto waje kuoga. "Kuku amepoa! Saa saba nilikwambia! Mimi sili peke yangu!"

Célestine alitoka kwenye matete anatambaa.

Gaudensi aliruka majini na viatu vyake, akamfunga khanga mbili kavu, akamkumbatia mpaka mtetemo ukapungua. "Niliuona moshi, na wewe huonekani," alisema. "Nikaenda getini, daftari halina kitu. Nikaandika mwenyewe, maana hawatafuti ambaye hajaandikwa."

Getini Thabo alileta daftari, akasema maneno kwa Kizulu cha kasi kuliko kile cha saluni, Gaudensi akatafsiri. "Anasema hiki si cha polisi. Ni cha kuhesabu waliorudi. Namba uiache, weka jina tu."

Célestine aliusoma mstari ulioandikwa kwa Kiswahili: *Mwanamke mmoja. Jina la kweli silijui. Amefiwa na mama.*

"Lile uliloandika mapokezini nililijua la uongo," Gaudensi alisema. "Nilikuita nalo mara tatu hukugeuka."

Célestine aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, na saa ya kurudi: kumi na moja na nusu. Hakurudisha kalamu. Kwenye mstari uliofuata aliandika *Faida Nabintu*, na penye njia akaandika *Bukavu*. Kalamu ikafika penye saa ya kurudi, ikasimama hapo.

"Eish, mama," Thabo alisema polepole, naye hakuhitaji kutafsiriwa.

Célestine aliiacha nafasi ile wazi, akafunga daftari. Gaudensi akamshika mkono, wakaenda kumpasha moto kuku.