Shika Hapo, Usiachilie

"Maji yamefika Isinya. Peleka ndoo."

Meseji iliingia kwenye Nokia saa nane kasoro dakika kumi mchana. Ondiek aliisoma mara mbili, akaifuta, halafu akatamani angeweza kujifuta na yeye.

Maana yake ilikuwa rahisi. Kikosi cha askari kilikuwa kimefika Isinya, dakika ishirini hivi kutoka Kitengela. Yeye aingie kwa ile nyumba sasa hivi.

Peke yake.

Ondiek alikuwa ajenti wa Ofisi ya Tatu, ile ofisi isiyo na kibao mlangoni. Kwa Kijaluo, jina Ondiek ni fisi. Tumbo lake saa hiyo lilikuwa la kifaranga.

Ilikuwa Agosti 2009. Upepo ulibeba vumbi na mifuko ya plastiki. Kiangazi kilikuwa kinamaliza ng'ombe Kajiado nzima, stima ilikuwa ya mgao, na nyuma ya geti jeusi mbele yake jenereta ilikuwa inanguruma.

Nyuma ya geti hilo alikuwa Phylis Kalunde.

Phylis alikuwa karani wa shamba moja la maua Isinya. Wiki iliyopita alifungua sanduku la waridi akakuta pembe za ndovu zimelala chini ya maua, zimefunikwa vizuri kama watoto wa nasari. Akanakili orodha ya masanduku yote kwenye flash disk, akaificha. Akaambia mtu mmoja tu. Huyo mmoja akatosha. Tangu Jumapili alikuwa amefungwa kwenye kiti.

Mwenye pembe hizo alikuwa mgeni aitwaye Kessler, na Kessler hakuwa Kenya. Alitaka kumuona Phylis kwa Skype, amuulize mwenyewe flash disk iko wapi. Akishajibiwa, lori linaondoka saa kumi kwenda Loitokitok, na Phylis anapanda. Kurudi hakukuwa kwenye ratiba.

Shida yao ilikuwa moja. Router ilikaa sebuleni, na sebule ilikuwa na madirisha makubwa yanayotazama barabara. Phylis alikuwa nyumba ya nyuma, mita thelathini, ukuta wa mawe unene wa godoro. Wi-Fi ilifika mlangoni ikakata tamaa.

Wakapiga simu kutafuta fundi. Ofisi ya Tatu ilikuwa inasikiliza. Ondiek akapelekwa kozi ya ufundi wa intaneti, ya wiki mbili iliyobanwa ikawa siku mbili.

Alibonyeza kidude kilichokuwa sikioni, chini ya kofia.

"Naingia."

"Ingia, baba," alisema Nelima, bosi wake, kutoka kwenye Land Rover. "Na usitetemeke. Fundi hatetemeki."

"Sitetemeki."

"Naskia meno yako, Ondiek."

Akagonga geti.

Aliyefungua alikuwa kijana mpana, na bastola ilikuwa imevimba chini ya shati lake. Bedan. Picha yake ilikuwa kwenye faili. Kwenye picha alionekana mdogo.

Bedan alitazama saa yake. Akamtazama Ondiek. Akatazama saa tena.

"Ulisema utakuja saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa nane."

Bedan hakusonga. "Nimekaa Kitengela miaka sita. Sijawahi kuona fundi amesema saa nane akakuja saa nane. Wewe ni fundi kweli?"

Jasho lilitelemka mgongoni kwa Ondiek. Mkono wa Bedan ulikuwa unapanda polepole kuelekea kiunoni. Kozi haikuwa na somo la hii.

"Boss," alisema, sauti ikitoka nyembamba, "niko na shida kidogo. Nimesahau ngazi."

Mkono ukasimama.

"Umesahau ngazi?"

"Na drili. Sijui kama mko na ya kuniazima."

Uso wa Bedan ulifunguka kama mlango. "Aaah! Sasa huyo ndiye fundi. Ingia bana."

Miguu ya Ondiek iliingia. Roho ilibaki nje kidogo, ikifikiria.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachomeka kebo kwenye router ya sebuleni, unaipitisha juu ya paa hadi nyumba ya nyuma, unaifikisha kwenye router ya pili, na hiyo ya pili inatapakaza Wi-Fi huko. Kebo haijali ukuta. Ndiyo uzuri wa kebo.

Alipanda ngazi ya kuazima, akavuta kebo ya bluu, akaifunga kwenye nguzo za kamba ya nguo, akapanda paa la nyuma. Mabati yalikuwa moto kama kikaango. Akashuka, akatoboa ukuta kando ya dirisha dogo. Vumbi la mawe lilipotulia, akachungulia kwenye tundu.

Jicho lilikuwa linamtazama.

Karibu aanguke.

"Wewe ni nani?" Phylis alinong'ona. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa hadi ukutani.

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa kukutoa. Usiseme chochote kuhusu flash disk. Ukisema, umekwisha."

"Na nisiposema?"

Ondiek akasukuma kebo kwenye tundu.

Alipozunguka na kuingia ndani, watu wawili zaidi walikuwa wameshafika. Dalmas, mlinzi, mtu mrefu aliyekuwa akila mandazi bila kutazama mandazi. Na Muthama, mkubwa wa nyumba, suti ya kijivu, kiatu kisicho na vumbi Kitengela nzima ikiwa vumbi. Laptop ilikuwa mezani.

"Mkubwa, si ni rahisi nichomeke kebo kwa laptop moja kwa moja?" Ondiek aliuliza. Fundi yeyote angeuliza.

"Tundu lake limevunjika. Mtoto alitia kijiko." Muthama alitoa bastola, akaiweka mezani karibu na kikombe cha chai. "Nataka hiyo ya hewa. Uko na dakika kumi."

Sikioni, Nelima alikohoa. "Ondiek. Tumesimama."

Ondiek hakuweza kujibu. Akakohoa pia, kwa sauti ya kuuliza.

"Ng'ombe," alisema Nelima. "Kama mia tatu, barabara yote. Wanahamishwa kutafuta nyasi. Mzee mwenye ng'ombe amenisalimia kwa Kimaasai, sopa, nikaitikia epa, lakini hasongi. Hawa ng'ombe hawana nguvu ya kukimbia. Wacheleweshe dakika ishirini."

Dakika ishirini. Alikuwa amepewa kumi.

Ndipo Ondiek alipoona hesabu yote. Network ikishika, Kessler anaongea, Phylis anasema, Phylis anakufa. Network isiposhika, fundi anakufa. Hakukuwa na mlango wa tatu.

Alifungua laptop yake ndogo, akaingia kwenye router ya pili. Jina la Wi-Fi, lile lile la sebuleni. Nywila, ile ile. Chaneli, tofauti. Anwani ya router, tofauti. Kulikuwa na jambo lingine moja. Mwalimu wa kozi alilirudia mara tatu, akapiga meza. Ondiek alilitafuta kichwani na kilichokuja ni bastola kando ya chai.

Akabonyeza kuhifadhi.

Laptop ya Muthama ikalia. Uso wa Kessler ukatokea, mweupe, umelala nusu kwenye kivuli.

"Muthama," ulisema uso, kwa Kiswahili cha kujifunza darasani. "Nionyeshe huyo mwana—"

Ukaganda, mdomo wazi.

Kutoka nyumba kubwa, mtumishi wa jikoni akapiga kelele kwamba hata huko internet imekufa.

Muthama aliinua bastola. Hakuharakisha. Mdomo wa bastola, wa baridi, ulimgusa Ondiek nyuma ya sikio, lile lisilo na kidude. Mungu ni mkubwa.

"Fundi. Umeharibu hadi ile ilikuwa inafanya."

Na hapo, ajabu, kichwa cha Ondiek kikasafika. Jambo la tano! Router ya pili inatakiwa kuzimwa kazi ya kugawia laptop na simu anwani. Hakuizima. Sasa router mbili zilikuwa zinagawa anwani nyumba moja, kama mama wakwe wawili ndani ya jiko moja, kila mmoja anatia chumvi yake. Dawa ilikuwa kuondoa alama moja ndogo kwenye kiboksi. Sekunde tano.

Sekunde tano, na Phylis anaongea. Au asiguse, na risasi.

Phylis alikuwa anamtazama. Machozi yalikuwa yamekauka zamani; sasa kulikuwa na macho tu.

Kisha Muthama akafanya kitu kidogo. Bila kufikiri, kwa mkono wake wa kushoto, aliinua laptop juu ya kichwa, akaielekeza dirishani.

"Imeshika?" aliuliza, hewani tu.

Dalmas akajibu, bila kufikiri pia. "Bado. Rudisha kidogo."

Ondiek aliwatazama.

Alikumbuka nyumbani, mwaka wa tisini na tatu, TV ya Great Wall, taarifa ya habari. Yeye juu ya paa anazungusha eria. Baba sebuleni. Imeshika? Bado! Sasa? Ilikuwa poa, umeharibu! Nyumba yote inafanya kazi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Ukiambiwa shika hapo, unashika hapo.

Hawa nao walilelewa hivyo hivyo.

"Mkubwa," alisema. "Shida ni mabati. Mabati yanakula signal kwa kebo. Nahitaji watu."

Ulikuwa uongo mtupu. Kebo haina habari na mabati.

"Watu wangapi?" aliuliza Muthama.

"Wote."

Jenereta ikanguruma. Ondiek alihesabu mapigo yake mwenyewe hadi tisa.

"Sema wafanye nini."

"Bedan apande paa, ainue kebo kwa mikono miwili. Isiguse mabati hata kidogo. Dalmas aende sebuleni, atazame taa ya router. Ikiwaka kijani apige kelele."

Bedan akapanda ngazi. Dalmas akakimbia, mandazi mkononi.

"Inua!" Ondiek alipaza sauti.

"Nimeinua!"

"Juu zaidi! Dalmas, imewaka?"

"Inameta-meta!"

"Bado! Bedan, songa kushoto!"

"Yangu ama yako?"

"Yako! Hapo! Shika hapo, usiachilie!"

Dakika tano zilienda hivyo. Kisha nane. Sikioni Nelima alikuwa akinong'ona, "Nusu ya ng'ombe wamepita. Endelea. Unafanya nini huko? Mnacheza mpira?" Kila mara Muthama alipokunja uso, Ondiek alilalamika juu ya mabati. Alitoka nje kukagua, akaichukua ngazi, akaiegemeza upande wa pili wa ua. Hakuna aliyeuliza. Fundi husogeza ngazi.

Akarudi ndani. Saa nane na dakika thelathini na tatu.

"Fundi." Sauti ya Muthama ilikuwa imeshuka. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Umemaliza nafasi zako."

"Imebaki hiyo laptop tu, mkubwa. Iinue. Kule pembeni, mbali na ukuta. Juu kabisa."

Muthama aliinua kwa mkono mmoja. Mwingine ulishika bastola.

"Mikono miwili, mkubwa. Mkono mmoja inacheza-cheza."

Macho yao yakakutana. Ondiek aliona, wazi kabisa, mtu anayefikiria.

"Baba yangu alikuwa anasema hivyo hivyo," alisema Muthama.

Akaweka bastola mezani. Akainua laptop kwa mikono miwili.

Ondiek aliinamia router, akaondoa ile alama kwenye kiboksi.

"Kijani!" alipiga kelele Dalmas kutoka sebuleni. "Imewaka kijani!"

Kessler akafunguka mdomo, akaendelea kama aliyekuwa amesinzia. "—mke. Muthama, naona dari. Sikiliza. Masanduku arobaini yavuke Loitokitok leo. Nipe jina la mtu wetu wa mpakani, limenipotea."

Muthama akamtajia. Jina na la baba, kwa sauti kubwa, kwa sababu ya jenereta.

Nokia N95 ya Ondiek, iliyolala kwenye boksi la vifaa, ilikuwa inarekodi tangu aingie.

Alinyoosha mkono, akachukua bastola mezani. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Aliishika kwa mikono miwili, na bado mdomo wa bastola ulichora duara hewani.

"Usishushe, mkubwa."

Muthama aligeuza shingo polepole. "Wewe..."

"Usishushe. Imeshika vizuri."

"Unatetemeka."

"Ndiyo," alisema Ondiek. "Kwa hivyo sijui itaenda wapi ikitoka. Tusimame tu."

Wakasimama. Ilikuwa dakika ndefu kuliko kozi yote. Kessler aliuliza mara tatu kuna nini, akiwa ametazamishwa dari. Kisha geti jeusi likang'oka kwa kishindo, ua ukajaa buti, na Nelima akaingia na kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye magoti. Dalmas alikamatwa sebuleni, amepiga magoti mbele ya router, bado anatazama taa.

Ondiek alikata kamba za Phylis kwa koleo la kebo. Ilimchukua mara nne kupata kamba yenyewe.

"Iko kwa pakiti ya unga," alisema Phylis, akisugua mikono. "Flash disk. Jikoni kwangu, Isinya." Akamtazama vidole. "Kumbe na wewe ulikuwa unaogopa?"

"Sana."

"Asante kwa kutoniambia."

Nje, upepo ulikuwa umetulia. Ondiek alichukua boksi lake, akaweka kofia sawa, akaibeba ngazi begani. Haikuwa yake, lakini alihitaji kitu cha kushikilia. Akatembea kuelekea geti pole pole, kama mtu aliyemaliza kazi ya kawaida ya Alhamisi.

Juu ya paa, chini ya jua kali, Bedan alikuwa bado amesimama kwa ncha za vidole, mikono juu, kebo ya bluu mbali kabisa na mabati. Bastola ilikuwa kiunoni, na hakuwa na mkono wa kuifikia. Askari sita walikuwa wamemuelekezea bunduki kimya kimya kutoka nyuma.

Hakuwa amegeuka.

"Fundi!" aliita. "Mikono imechoka! Niachilie?"

Ondiek hakusimama.

"Usiachilie," alijibu. "Bado."