Kipimo cha Mwani

Mshonaji alikula peke yake, mlango umekomewa. Mumewe alikuwa amefariki. Chumbani kulibaki sauti ya cherehani tu.

Meno ya mbele yalipomtoka, alinunua ya bandia kwa mchuuzi, yaliyokuwa tayari. Yalimchubua fizi. Kwenye harusi ya jirani yakamdondokea sahanini, watu wakitazama. Tangu hapo, wifi yake akimwita kula, alijibu, "Nimeshiba," huku tumbo likinguruma.

Wifi akachoka. "Kaka yangu kafa, nawe ukaolewa na komeo? Toka, twende!"

Wakaenda kwa tabibu wa meno. Tabibu alikoroga unga wa kupimia kinywa na maji, ukawa uji mzito. Mshonaji akaziba mdomo kwa kiganja.

"Saruji hiyo! Ikinigandia humu je?"

"Tutapumzika na ulimi wako," wifi akasema.

Tabibu akacheka. "Unga huu umetokana na mwani, mama."

"Uchafu ule wa ufukweni?"

"Huo huo. Zamani watu waliuchoma, majivu yake yakatumika kutengeneza kioo na sabuni. Baadaye wakapata humo madini joto, dawa ya vidonda. Kisha viwanda vikajua kuutoa ute wake. Huenda hata maua ya gauni lako yalichapwa kwa ute huo, ili rangi zisichuruzike."

Mshonaji akalipapasa gauni lake. "Na meno je?"

"Matabibu wa zamani walipima vinywa kwa ute wa mwani wa aina nyingine. Vita vya Pili vya Dunia vikaufanya uadimike. Wataalamu wakatengeneza unga huu badala yake. Unaganda upesi, nautoa ukiwa na umbo la kinywa chako. Mama, wewe hushoni gauni bila kupima mtu. Mbona ulivaa meno bila kupimwa?"

Mshonaji akapanua kinywa.

"Inama mbele kidogo. Pumua kwa pua."

Uji ulikuwa baridi. Ukaganda, ukatoka bila kumuumiza.

Meno mapya yalimkaa barabara. Siku aliyoyapata, alikula nyama kwa wifi, polepole, akitafuna kila tonge. Wifi akasimulia jinsi marehemu alivyokoroma hadi paka akahama nyumba. Mshonaji akacheka, kinywa wazi. Katikati ya kicheko, machozi yakamtoka.

Safari hii palikuwa na mtu wa kumpa leso.