Mgomba Uliovaa Shati la Baharia

Kwanza ilikuwa chai. Teresa aliipika asubuhi kama kawaida, maziwa mengi, sukari vijiko vinne kwa kila kikombe, kwa sababu mumewe alikuwa mkulima wa miwa na aliona aibu kunywa chai isiyonata mdomoni. Osundwa akapiga funda moja, akalitema uani.

"Mama Chrispinus, hii umeweka nini?"

"Sukari. Si ni ile ya jana?"

"Hii ni chumvi."

Teresa akaionja. Ilikuwa chumvi kweli, nzito, yenye uchungu nyuma yake, na ute fulani ukabaki kwenye ulimi wake hata aliposukutua mara tatu. Akaimwaga yote. Kuku walikimbilia kudonoa, wakafika pale wakageuka.

Haya yalitokea karibu na Ekero, mwaka wa 1978, wakati kila kishamba kilikuwa kimegeuzwa kuwa cha miwa na harufu ya molasi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mablanketi. Mahali kama hapo, utamu ukitoroka nyumbani mwako, mtu mwenye akili huogopa. Osundwa hakuogopa. Alikasirika, kwa kuwa kukasirika ndiko alikokujua, akatafuna muwa kujituliza, na muwa nao ukawa chumvi.

Mimi nasema alijiletea mwenyewe. Mwana wao wa kwanza, Chrispinus, alikuwa baharia katika jeshi la wanamaji, na walikuwa wamempeleka ng'ambo kufunzwa kwenye meli ya nchi ya baridi. Mwaka mzima aliandika barua kila mwezi. Kisha barua zikakatika. Mwezi mmoja, mitatu, saba. Kila Osundwa alipofikisha miwa mizani, watu walimuuliza kijana anasemaje. Halafu redio ikatangaza kwamba meli fulani imezama huko mbali. Haikusema ni ya nani, lakini Osundwa alikuwa mtu ambaye jino likimuuma kidogo tu analing'oa. Akasema mwanawe amekufa, na jambo liishe.

Kwao, mtu akipotelea mbali na mwili wake usionekane, huzikwa shina la mgomba mahali pake ili roho itulie. Ni desturi nzuri na imewafuta machozi wengi. Ila huwa inangoja miaka, wazee wakae, na mama mtu akubali. Teresa alikataa katakata. "Mtoto wangu hajafa. Mimi ningejua." Osundwa hakungoja miaka wala wazee. Alikata mgomba Jumanne moja Teresa akiwa sokoni, akauvika shati jeupe la baharia ambalo Chrispinus aliliacha likizo ya mwisho, lenye chumvi ya bahari bado kwenye mishono, akauzika nyuma ya simba, ile nyumba ndogo ya kijana, na kulitamka jina lote la mwanawe mara tatu shimoni.

Chai ya chumvi ilikuja wiki tatu baadaye.

Ukafuata uvundo. Ulianzia upande wa simba, samaki aliyeoza ndani ya maji ya ndizi mbivu, na saa sita mchana jua likiwaka ulikuwa ukikaa kooni mtu akashindwa kuumeza wala kuutapika. Ukuta wa simba ukaanza kutoa jasho. Teresa alipougusa, kidole chake kilirudi na uzi wa utomvu mweusi uliovutika bila kukatika, akaufuta kwenye majani, akaufuta tena kwenye mchanga, na jioni alipokuwa akisonga ugali akakuta ungali chini ya kucha.

Siku hiyohiyo Osundwa aliacha kulalamika juu ya chai. Teresa hakujua kwa nini. Alichoona ni kwamba mumewe anamaliza kula upesi, kisha anabeba sahani ya pili, obusuma, ule ugali wao, na paja zima la ingokho, yaani kuku, anaipeleka simba na kurejesha mlango. Uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa akirudi akipiga mluzi, sahani ikiwa imelambwa, na pembeni mwake kumeganda ute wenye magamba madogo na nywele moja moja.

"Baba Chrispinus, unapelekea nani chakula?"

"Wewe ulisema mtoto hajafa. Sasa mbona unauliza?"

"Niambie."

Akainama, akanong'ona kama mtu aliyeficha zawadi. "Amerudi. Aliniita mchana, mimi niko pale nyuma. Akasema, Baba, niko na njaa. Nikaitika, nikamfungulia simba. Ni sauti yake, Teresa. Ananiitanga Baba kila siku. Ngoja apate nguvu kwanza, ndio umwone."

Teresa hakungoja. Kesho yake, Osundwa alipokwenda shambani, alivuta mlango wa simba, na jua likaingia nusu ya chumba. Juu ya kitanda cha mwanawe palikuwa na shina la mgomba limekaa, limeegemea ukuta, limevaa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na shati lilikuwa linapanda na kushuka. Maganda ya mgomba yalikuwa yameoza yakawa rangi ya kahawia, yanabanduka moja baada ya jingine, na kati ya ganda na ganda palikuwa na fizi, fizi nyekundu zenye maji, zenye vijino vya mtoto mchanga, na kila fizi ilikuwa inatafuna kitu kidogokidogo bila haraka, mfupa wa kuku, unyoya, funza wa shina lenyewe, na juu kabisa, pale ambapo hapakuwa na kichwa bado, palikuwa pameanza kuota sikio, sikio la kushoto la Chrispinus, lenye kovu la kuumwa na mbwa akiwa na miaka minne.

Sikio likamgeukia. "Mama," fizi zote zikasema pamoja.

Teresa alitapika pale kizingitini, na alipokuwa ameinama alisikia kitu kikishuka kitandani kwa kuteleza na kuja kulamba matapishi yake. Alikimbia mpaka barabarani. Hata leo akisimulia huomba maji ya kusukutua.

Kuna siku Mungu hupanga mambo karibu karibu. Jioni hiyo jirani yao Cleophas, aliyekuwa akipita posta ya Mumias, alileta barua yenye stempu ya ng'ambo. Teresa aliifungua mezani kwa mikono iliyonuka sabuni. Ulikuwa mwandiko wa Chrispinus.

"Wazazi wangu wapendwa," alisoma kwa sauti ya chini, "poleni kwa kunyamaza. Nilishikwa na homa tukiwa baharini, nikaachwa hospitali ya bandarini. Niliwaomba wakubwa wasiwaandikie, nikidhani nitapona upesi. Homa imeisha. Lakini wiki hizi mbili jambo jingine limenipata. Nakula kama wenzangu ila sishibi, na nakonda mpaka daktari anaogopa. Sioni ladha ya chumvi wala ya sukari. Na nesi akiniita jina, nasikia mtu mwingine ameitika. Baba, niombeeni. Nikiendelea hivi sitafika Krismasi."

Osundwa alikuwa amekaa na sahani ya pili mkononi, tayari kuipeleka.

"Wee unalisha nani?" Teresa akamuuliza. Hakupaza sauti. "Baba Chrispinus, hiyo ni chakula ya mtoto wangu. Unampatia nani?"

Osundwa aliitazama sahani. Akautazama mkono wake, mkono aliokuwa ameutumia mwezi mzima kulipapasa lile dude mgongoni gizani huku akiliita mwanangu. Akaanza kuufuta kwenye suruali, akaufuta mpaka ngozi ikachubuka.

Asubuhi, watu hawa wa kanisa walivuka mpaka kwa Mwalimu Yakub, mzee wa msikiti aliyejulikana kwa kusomea watu. Aliwapokea kwa salaam, akasikiliza yote akiwa ameziba pua kwa kilemba, maana uvundo ulikuwa umekuja nao kwenye nguo.

"Mzee Osundwa, umezika jina na mwenyewe bado analitumia," akasema. "Jina likikosa mtu ni nyumba iko wazi. Huyu ni jini wa baharini, alikuwa anatangatanga huko, shati likamwonyesha njia, mgomba ukampa mwili. Lakini mpaka hapo hakuwa na nguvu. Wewe ulimpa nguvu."

"Kwa chakula?"

"Kwa kuitika. Alikuita Baba, ukaitika. Sasa anakula riziki ya kijana kwa haki ya mtoto. Mimi nitasoma, lakini kumtoa ni kazi yako. Utambeba wewe mwenyewe, tumchome. Atakuita. Usiitike hata mara moja mpaka moto uzime. Ukiitika, zika kijana wako kwa kweli."

Shamba la Osundwa lilikuwa kwenye zamu ya kuvunwa wiki hiyo, na kama desturi ya miwa, lingechomwa kwanza ili majani yaishe na wakataji waingie. Ilikuwa saa kumi alasiri. Yakub alisoma mlangoni mwa simba mpaka kile kitu kikalegea, kisha Osundwa akakifunga ndani ya gunia, akakipandisha mgongoni.

Kilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa. Alitembea nacho kati ya mistari ya miwa mpaka katikati ya shamba, na maji yake yalikuwa yanapenya gunia, yanashuka shingoni, yanapita kwenye kidevu na kuingia pembeni mwa mdomo aliokuwa ameubana, chumvi na uozo, na vijino vilikuwa vikimtafuna bega kwa upole kupitia gunia huku sauti ikimnong'oneza sikioni, Baba, Baba, mbona hunijibu, Baba, nimekukosea nini. Alikitupa chini, akatoka mbio. Cleophas na wenzake wakawasha pande zote nne.

Moto wa miwa hunguruma, lakini sauti ilipita juu ya ngurumo. Iliita kwa sauti ya baharia. Ikaita kwa sauti ya mvulana wa shule. Mwishowe ikaita kwa sauti ya Chrispinus wa miaka minne, siku ile ya mbwa, ikilia, "Baba, njoo! Baba, ananiuma!" Osundwa alikuwa amepiga magoti, amejaza udongo mdomoni kwa mikono yake miwili, analia. Teresa alimshika kichwa. Osundwa hakuitika. Kitu kikapasuka katikati ya moshi, uvundo ukapanda mara ya mwisho, na jua lilipotua moto ulikuwa umezima.

Miwa ile ilikatwa kesho yake na kupakiwa trela pamoja na ya wengine. Kama ulikunywa chai mwaka huo, usiniulize.

Chrispinus alipona. Barua yake iliyofuata ilisema amekula sahani tatu na kuomba ya nne. Miezi mitano baadaye alipewa likizo, akaja, mrefu, mnene kidogo, katika sare nyeupe iliyopigwa pasi. Teresa alimpapasa uso, masikio, mikono, akacheka na kulia. Alikuwa yeye. Mwalimu Yakub mwenyewe alikuja akamsomea, akathibitisha ni binadamu mzima.

"Baba," Chrispinus akasema, akinyoosha mkono.

Osundwa alifungua mdomo aitike. Aliliona shati jeupe, vifungo mpaka shingoni, kifua kikipanda na kushuka. Akatoka nje.

Siku kumi na nne zilikwenda hivyo. Kijana aliita Baba mezani, aliita Baba shambani, na kila mara ngozi ya mzee ilisisimka kwa kinyaa, akasogeza kiti chake. Alijua ni mwanawe. Alimpenda. Chombo alichonywea mwanawe hakuweza kukigusa.

Siku ya kuondoka, Chrispinus alimwambia mama yake, "Nimemkosea nini?" Kisha akachukua begi lake.

"Mwite," Teresa akamsihi mumewe, akimvuta mkono mpaka langoni. "Mwite tu jina, kabla hajafika barabarani. Tafadhali, Baba Chrispinus."

Osundwa alijikaza. Alivuta pumzi ili aite, na pumzi ile ikaja na samaki na mgomba. Chrispinus aligeuka wakati huohuo, akamwona baba yake akitema mate.

Teresa alimkimbilia, akamwambia ni baraka, wazee wa huku hubariki hivyo safari. Chrispinus alikuwa mtoto wa pale pale na alijua mate ya baraka yanavyotemwa. Alimkumbatia mama yake, akapanda gari, akarudi melini. Yuko hai, watu wa jeshi humwona. Nyumbani hakuandika tena.