Mama Aliyerudishwa Mlangoni

Msimu wa korosho ukianza, Kiegei, kijijini kwetu Nachingwea, kote hunuka moshi. Asubuhi hiyo Bi Swaumu alikuwa ameketi uani kwake, bati la kukaangia liko juu ya mafiga, na mkononi ameshika mti mrefu wa kugeuzia. Korosho zikishika moto hutoa mafuta, na mafuta yale yakiwaka hutoa moshi mweusi unaochoma macho na koo. Anayefanya kazi hiyo hukohoa tangu msimu unaanza mpaka unakwisha. Kwetu hakuna anayelishangaa hilo. Ukimsikia mwanamke anakohoa mwezi wa kumi na moja, unajua tu kwamba ana korosho za kubangua.

Bi Swaumu alikuwa akikohoa na kuimba kwa zamu. Binti yake wa pekee, Hafidha, aliyeolewa Ruangwa, alikuwa na mimba ya kwanza, tena mimba iliyochelewa mpaka watu wakaanza kusema yao. Kwa desturi ya huku, mwenye mimba ya kwanza hurudi kujifungulia kwa mama. Basi chumba kilikuwa kimekandikwa udongo upya, kitanda kimewambwa kamba mpya, na unga wa uji wa mzazi ulikuwa tayari ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Hamu yake haikuwa ya kumwona mjukuu tu. Alitaka kumkanda mwanawe. Anayejua mambo ya uzazi anajua ninachokisema: maji ya moto, kitambaa, tumbo na mgongo, kila siku mpaka arobaini ipite. Mkono wa mama ukipita juu ya tumbo hutambua kama ndani kumetulia au kuna jambo limeharibika. Bi Swaumu naye alikandwa na mama yake, na mpaka uzeeni alikuwa akiyakumbuka yale maji mgongoni na kutabasamu peke yake.

Ndipo mafua yalipoingia. Nisiyadharau, yalikuwepo kweli. Watu walipata homa na kikohozi, wazee wachache wakapelekwa zahanati wakatibiwa, na wengi wetu tulilala kitandani siku kadhaa, tukaamka tukaenda shamba. Wataalamu wa afya walisema redioni tunawe mikono, tufunike mdomo tunapokohoa, na anayepumua kwa shida awahi hospitali. Maneno ya namna hiyo hayana watazamaji. Kulikuwa na televisheni moja ya mtandaoni iliyoweka picha ya watu wamelala kwenye korido, wa nchi gani hatukuambiwa, na juu yake maandishi mekundu: MAFUA YA KIFO YATUA KUSINI. Gazeti moja nalo likauliza ukurasa wa mbele kama Nachingwea imefungwa. Hakuna aliyeifunga Nachingwea. Alama ya kuuliza ilikuwa kinga ya mwandishi, sisi tukaisoma habari kama vile alama yenyewe haipo.

Sasa mjue na mkwe. Harithi, mume wa Hafidha, alikuwa fundi simu karibu na stendi ya Ruangwa. Alikuwa pia akiwajazia watu nyimbo na video kwenye memori kadi, kwa hiyo kila kilichovuma kilipita mezani kwake kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Jioni alikuwa akimletea mkewe machungwa na kumwuliza kama mtoto amecheza. Video za mafua alianza kuzisambaza kwa sababu zilimjazia wateja kibandani, na mwisho akaziamini mwenyewe kuliko wote.

Kulikuwa na sauti moja iliyozunguka kwenye simu, ya mtu aliyejiita daktari. Alisema ugonjwa hujificha kwa wazee wanaokohoa bila homa, na pumzi yao tu inamuua mtoto mchanga. Sauti nyingine ikasema anayepatikana nao hospitali hufungiwa, akifa anazikwa ndani ya nailoni bila kuoshwa wala kuswaliwa. Tulizisikia wote, ndugu zangu. Nani kati yetu aliuliza yule daktari anatibu hospitali gani?

Harithi akamkatalia mkewe kusafiri. Hafidha alilia, akampigia mama yake kumwambia atajifungulia kulekule Ruangwa, na yeye mama aje mtoto akizaliwa. Bi Swaumu alimeza uchungu, akasema ni sawa. Siku zikatimia, Hafidha akajifungua hospitali mtoto wa kike, salama, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wakunga walimwonya akiona homa arudi haraka. Kwenye simu Bi Swaumu alisikia mjukuu akilia, na kesho yake asubuhi alikuwa stendi ya Nachingwea na furushi lake la kanga na unga. Alipokohoa, waliokuwa karibu naye walihama. Ndani ya gari alikaa kiti cha nyuma peke yake, na hakujali, maana alikuwa anakwenda kwa mwanawe.

Harithi alimpokea mlangoni, mwenyewe amejifunga kitambaa puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hongereni kwa mgeni."

Akakohoa, akajiziba kwa ncha ya kanga. Harithi alirudi nyuma hatua, kisha akasimama katikati ya mlango.

"Mama, unisamehe sana. Kwa hicho kikohozi siwezi kukuruhusu uingie. Ndani kuna kichanga."

"Huu ni moshi wa korosho, baba. Hafidha anajua, kila mwaka niko hivi."

"Daktari amesema ndivyo unavyojificha."

"Daktari yupi?"

Harithi akanyanyua simu yake kumwonyesha.

Bi Swaumu alifikiri kidogo. Akamwambia kwamba hospitali si mbali, wamwongoze akapimwe, na kama ni mgonjwa kweli atarudi Kiegei bila neno. Hebu lisikilizeni hilo, kwa sababu ndilo lililokuwa neno la busara kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Kumkinga mtoto mchanga na mtu anayekohoa si kosa hata kidogo. Lakini Harithi hospitali ndiyo aliyoiogopa zaidi. Alisema anayeingia kule na kikohozi au homa sasa hivi hatoki.

Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana mpaka mtu wa mbali anaweza kudhani wamegombana. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na sauti haipandi kati yao. Mama mkwe wa tabia nyingine angempiga Harithi kikumbo akapita. Bi Swaumu alikuwa na adabu zake, akatua furushi barazani na kutazama chini.

Hafidha alikuwa dirishani, nyuma ya wavu.

"Mama," alisema, "nani atanikanda?"

"Nitakuja, mwanangu. Kifua kikisafika tu nitakuja."

Mtoto alikuwa akilia kule ndani. Bi Swaumu alijivuta kama anayetafuta kitu barazani ili amsikilize zaidi, kisha akaondoka bila kumwona sura.

Aliporudi Kiegei hakuwasha moto tena, akaliegemeza bati ukutani. Aliacha kazi yake yote ya msimu ili kikohozi kimtoke, awe mtu wa kukaribishwa tena kwa mwanawe. Majirani nao walikuwa wamesikia kwamba amefukuzwa Ruangwa, wakasema basi anao, wakaacha kupita uani kwake. Mchana alikaa kwenye kitanda kile cha kamba mpya, mikono mapajani, haina kazi. Hamu ilimkaa mwilini kama njaa. Hafidha akipiga simu alimwambia mtoto amechukua paji la uso la bibi yake, naye Bi Swaumu alijigusa paji la uso baada ya simu kukatika, apate kujua mjukuu wake yukoje.

Kikohozi kikapungua. Alikuwa anajiandaa kurudi Ruangwa wakati sauti ya Hafidha ilipoanza kufifia. Alisema anasikia baridi. Mama akamsihi aende hospitali, naye akajibu kwamba baba wa mtoto hataki. Baada ya hapo simu ikawa haipokelewi.

Kule Ruangwa, Hafidha alikuwa amepata homa kali, na Harithi aliposhika mwili wa mkewe alijua kwamba kile alichokiogopa kimeingia ndani. Alimtenga chumbani. Mtoto alikabidhiwa Samia, dada yake mdogo Harithi, na chakula kikawa kinawekwa kizingitini. Hafidha alimwambia Samia kupitia mlangoni kwamba tumbo la chini linauma na kuna harufu isiyo ya kawaida. Samia hakuwa amezaa, hakujua maana yake. Harithi aliposikia alisema homa ni homa. Akakaa nje ya mlango ule akilia, kwa kuwa alimpenda mkewe, na hakutaka wamchukue wakamzike ndani ya nailoni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii. Mtu asiyempenda mkewe pengine angempeleka mapema.

Mwishowe Samia alitoka na simu yake hadi nyuma ya nyumba, akampigia Bi Swaumu na kumweleza yote. Mama hakuhitaji kuuliza mara mbili.

"Hayo si mafua, mwanangu. Hiyo ni homa ya uzazi. Mpelekeni hospitali sasa hivi, usimngoje kaka yako akubali."

Samia aliita bajaji. Harithi alipomwona mkewe ananyanyuliwa hana nguvu hata ya kushika shingo ya mtu, alisogea, kisha akamshika miguu akasaidia kumbeba. Bi Swaumu naye alikuwa ameshaingia barabarani kutafuta gari.

Hospitali hakuna aliyemfungia Hafidha. Walimpokea, wakamtundikia dripu, wakampa dawa, wakampima na mafua pia kwa sababu Harithi alisisitiza. Mafua hakuwa nayo. Uchafu wa uzazi ulikuwa umebaki ndani ya kizazi, ukaoza, na sumu yake ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Muuguzi alimwambia Harithi kwa upole kwamba ugonjwa huo unatibika ukiwahiwa, na kwamba laiti wangemleta homa ilipoanza. Hafidha alifariki mama yake akiwa bado njiani.

Hakuzikwa ndani ya nailoni. Mwili ulirudishwa nyumbani kama miili yote, na waliokuwa wakiogopa kupita mtaa ule walijaa uani. Wanawake wakaulizana nani ataosha. Bi Swaumu, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari, akaomba maji ya moto.

Harithi alikuwa amesimama palepale mlangoni alipomzuia. Alisogea, akasema, "Pita, mama," na safari hiyo alimtazama usoni, adabu au si adabu.

Akaingia. Walimweleza kwamba maji ya vuguvugu yanatosha, naye akasema anajua. Alipitisha kitambaa tumboni mwa mwanawe polepole, akakikamua, akapitisha tena, kisha mgongoni, kuanzia mabegani kushuka kiunoni, namna anavyokandwa mzazi. Wenzake walimwacha. Maji yakapoa, yakaletwa mengine, naye akaendelea kukanda, mpaka Samia alipomshika mkono na kumwambia, "Inatosha, mama, ameshatakata."

Kisha wakamletea mjukuu.

FUNZO

Ndugu zangu, mafua hayakumuua Hafidha. Aliuawa na hofu, na hofu ile tuliipika sote: aliyeandika kichwa cha habari cha kutisha ili atazamwe, aliyejiita daktari, Harithi aliyesambaza, na sisi tuliomsogelea kibandani tukasema nijazie na mimi. Magonjwa ya kuambukiza yapo na yana tahadhari zake, tuzifuate. Unapopata habari ya ugonjwa, uliza nani kasema, anafanya kazi wapi, na wahudumu wa afya wa kwenu wanasemaje. Ukikosa jibu, usiisambaze. Mgonjwa apelekwe apimwe, asifungiwe chumbani kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye simu. Mwanamke aliyejifungua akipata homa, hiyo si ya kusubiri hata jua lichwe. Na mama mtu akija mlangoni akasema nipimeni, jamani, mpimeni. Kumwogopa mtu wako bila kumpima ni kumpoteza, na akishapotea hata ukiufungua mlango wote hatapita.