Fundi Akataa Kijiko

Wazee ndio waliompa jina la Mama Pole. Kwake kila jambo lilikuwa pole. Mzee akikohoa, pole. Mzee akipiga chafya, pole. Siku moja alijigonga kwenye meza, akaiambia meza pole. Wazee walicheka mpaka chai ikawamwagikia.

Alikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee yenye vitanda kumi na vinane. Kwa miaka kumi na mmoja aliwaogesha wazee, akawavika, akawalisha, na akawageuza vitandani wasipate vidonda. Aliipenda kazi yake.

Lakini asubuhi moja, akiwa nyumbani, alikuwa anamchana nywele binti yake wa mwisho.

"Mama, unaniumiza!"

"Tulia basi! Unadhani nina siku nzima?"

Mtoto akashika kichwa. Baba yake alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua uso.

"Mama watoto, siku hizi hata mwanao humwambii pole."

"Ningekuwa nalala, ningemwambia."

Ilikuwa kweli. Kila usiku alilala macho wazi. Chakula hakikupita. Kelele ndogo ilimpandisha hasira. Kazini watunzaji walikuwa wanne, sasa walibaki wawili tu, yeye na mwanamume mmoja aliyeitwa Mrefu. Ilikuwa wiki ya saba bila siku ya mapumziko. Mrefu alipumzika kila Jumamosi. Mama Pole alikataa.

"Nikipumzika, nani atamlisha Fundi?" alisema kila mara.

Fundi alikuwa mzee aliyeshona suti maisha yake yote. Kisha kiharusi kilimlegeza upande wa kulia, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Akili yake ilikuwa kali bado, na utani wake pia. Mama Pole peke yake ndiye aliyejua namna ya kumlisha. Alijua mambo ya kila mzee, lakini yote aliyaweka kichwani mwake. Hakuwahi kumfundisha mtu.

Siku hiyo, saa moja na nusu asubuhi, alikaa mbele ya Fundi na bakuli la uji. Chumba cha pili mzee mmoja aliita. Chumba cha nne kengele ililia.

"Meza, mzee, meza!" alisema Mama Pole.

Fundi alikuwa hajamaliza. Mama Pole akamtia kijiko kingine kilichojaa. Fundi akapaliwa. Macho yakamtoka. Hakuweza kukohoa wala kuvuta pumzi.

Mrefu alikuja mbio. Akamwinamisha Fundi mbele, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, mara moja, mbili, tatu, nne. Uji ukatoka. Fundi akavuta pumzi kwa sauti kubwa.

Mama Pole alibaki amesimama na kijiko mkononi. Hakusema pole. Wazo moja tu lilimjia, "Sasa nina sakafu ya kupangusa." Kisha alijisikia anavyowaza, akaogopa. Nimekuwa mtu gani mimi?

Mchana Fundi alifunga mdomo. Jioni vilevile. Mrefu alijaribu, msimamizi wa nyumba alijaribu, ikashindikana. Kila alipoona kijiko, Fundi aligeuza uso ukutani.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Kila Jumatano muuguzi wa zahanati alipita kuwaangalia wazee. Alimsikiliza Fundi kifua, akampima homa.

"Kifua kiko salama," alisema. "Lakini asipokula leo, kesho tutampeleka hospitali. Mama Pole yuko wapi?"

Alimkuta katika chumba cha shuka, amekaa juu ya furushi la nguo chafu, ana karatasi mkononi.

"Naacha kazi, dada," Mama Pole alisema. "Moyo wangu umekuwa jiwe. Mzee alitaka kufa mbele yangu, mimi nikawaza sakafu."

Muuguzi hakushtuka. Alivuta furushi jingine, naye akakaa.

"Na usiku ulilala?"

"Nililia mpaka asubuhi."

"Jiwe halilii, dada yangu. Umechoka. Unalala saa ngapi kwa kawaida?"

Mama Pole akaeleza kila kitu: usingizi, hasira, chakula, mtoto na nywele zake. Akaeleza jinsi alivyoanza kuwaona wazee kama mizigo, wakati zamani aliwaona kama wazazi wake.

"Hizo ndizo dalili zenyewe," alisema muuguzi. "Huwapata wauguzi, walimu, watunzaji, hata mama anayemuuguza mwanawe muda mrefu. Mimi pia zilinipata. Nilimfokea mgonjwa kwa sababu aliniomba maji."

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe, na upole wangu wote huu." Wakacheka kidogo. "Sasa niambie. Fundi ukimtoa kitandani, unamnyanyuaje?"

"Tunakuwa wawili. Unakunja magoti, unanyoosha mgongo, mnahesabu, mnanyanyua pamoja."

"Kwa nini usimnyanyue peke yako?"

"Mgongo utakwisha!"

"Na majonzi ya wazee wanaokufa je? Mbona hayo unayanyanyua peke yako? Yule bibi wa kitanda cha dirishani alifariki mwezi uliopita. Ulimtunza miaka tisa. Ulimlilia lini?"

Mama Pole aliangalia mikono yake. "Nilimfunika shuka, nikaenda kuwapa wengine chai. Nani angewapa?"

Hapo machozi yalimtoka. Muuguzi alimwacha alie mpaka atosheke.

"Huruma ni kazi, dada. Inatumia nguvu kama kunyanyua," alisema baadaye. "Mzee akiumwa, kaa naye, msikilize, mtunze. Zamu ikiisha, mkabidhi kwa mwenzako, uende nyumbani ukiwa na mikono mitupu. Hujamtupa. Umemwacha na mtu. Ila ukipumzika vizuri na bado hulali, uje zahanati. Usione haya."

"Na Fundi? Nikiondoka atakula kwa nani?"

"Kwa nini Mrefu hajui kumlisha?"

"Kwa sababu sikumfundisha," alisema Mama Pole. Miaka yote alidhani kujua peke yake ndiyo mapenzi.

Walikwenda kwa msimamizi. Msimamizi alisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Ulikataa kupumzika, nami kila siku nikakuomba uje, leo tu, leo tu. Wiki saba zimekuwa leo tu. Nisamehe, mama."

Wakapanga upya. Mtunzaji wa muda angekuja siku tatu kwa wiki. Kila mtu angekuwa na siku yake ya mapumziko, na hakuna kuinunua wala kuiuza. Mzee akifariki, watunzaji wangekaa pamoja robo saa kabla ya kurudi kazini. Na mambo ya kila mzee yangeandikwa kwenye daftari.

Lakini kwanza kulikuwa na Fundi.

Mama Pole aliingia bila bakuli. Akakaa upande wa kushoto, upande ambao Fundi anaona na kusikia vizuri.

"Mzee wangu, nilikukosea. Nilikulisha kama mtu anayekimbia mvua. Nilikuwa nimechoka, na sikumwambia mtu. Nisamehe."

Fundi alimtazama. Maneno yake yalitoka polepole, moja moja.

"Ulinishindilia... kama gunia."

"Kweli, baba. Kama gunia."

"Gunia... hushonwa mdomo. Ndiyo maana... nimeshona wangu."

Mama Pole alicheka, machozi bado shavuni. Mlangoni Mrefu naye alicheka. Kisha Fundi akaonyesha meza kwa mkono wake mzima. Bakuli likaletwa.

Safari hii Mama Pole alieleza kila hatua kwa sauti, na Mrefu akaandika. Akae wima. Kidevu kiiname kidogo. Kijiko kidogo, kisijae. Upande wa kushoto wa mdomo. Usimsemeshe akiwa na chakula mdomoni. Subiri ameze, angalia koo, ndipo ulete kingine.

"Na akinitania?" Mrefu aliuliza.

"Subiri ameze, ndipo ucheke."

Bakuli zima lilichukua dakika arobaini. Hakuna aliyeangalia saa.

Jumapili ile Mama Pole alibaki nyumbani. Asubuhi alishika simu mara tatu apige kazini, na mara tatu mume wake akaichukua taratibu. Mchana alilala kama mtoto mchanga. Jioni alikaa na binti yake mlangoni wakicheka bila sababu.

Jumatatu aliingia kazini kwa hofu. Akaenda moja kwa moja kwenye daftari. Mrefu alikuwa ameandika, "Fundi amekula mara tatu. Amemaliza. Amesema mimi nalisha vizuri kuliko Mama Pole. Ni uongo, lakini nimeuandika."

Kitu kidogo kilimchoma moyoni, kama wivu. Kisha furaha ikakifunika. Kumbe mzee wake alikuwa na mikono mingine ya kumshika. Alimtafuta Mrefu jikoni, akamshukuru. Alimpigia muuguzi, akamshukuru naye.

Halafu akaenda kwa Fundi. Alimkuta amekaa wima, shati limefungwa vifungo vyote, anamsubiri.

"Umelala?" Fundi aliuliza.

"Nimelala, baba. Sana."

Fundi alimwangalia usoni kwa makini, kama alivyokuwa akikagua mshono. Akaridhika. Akatafuta maneno, na Mama Pole hakumharakisha.

"Asante," alisema Fundi, "kwa... kwenda nyumbani."

Katika miaka kumi na mmoja ya kazi, hakuna mtu aliyewahi kumshukuru kwa jambo hilo. Mama Pole alivuta kiti, akakaa karibu naye, akachota uji kidogo kwa ncha ya kijiko, na akasubiri.